Mkono Ulioshika Gurudumu

Kikula, Likasi, Jumanne

Kwako yaya Casimir, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwanza, maana mama alitulea tusalimie hata tukiwa tunataka kupigana. Mguu unaendeleaje? Fidèle dereva aliniambia kwamba daktari amekubadilishia plasta, na kwamba sasa unaweza kukaa kitandani bila kushikiliwa na mtu. Nilifurahi kusikia hivyo. Nimeandika neno hilo na silifuti, kwa sababu ni kweli, ingawa yote yatakayofuata yameandikwa na mtu mwenye hasira. Sisi huku ni wazima. Mama ana kikohozi chake cha msimu wa vumbi, lakini anatembea, anakula, na kanisani anaimba kuliko vijana. Mimi pia afya ninayo. Kinachoniuma si mwili.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati huu ambapo hata mwenye kuuza makaa sokoni ana simu mbili. Nimekupigia, hupokei. Nikakutumia ujumbe wa sauti, na siku ileile mke wako Providence akauweka kwenye kikundi cha familia, watu wote hadi wale wa Kolwezi wakanisikiliza nikilia. Basi karatasi hii anaibeba Fidèle mwenyewe garini mwake hadi Lubumbashi, na ameapa kuitia mkononi mwako, si mkononi mwa mwingine. Isome peke yako. Mwambie Providence akupikie kitu kinachochelewa kuiva.

Yaya, mjomba Tshimanga ameitisha kikao. Jumapili hii, ibada ikiisha, wazee wa ukoo watakaa hapa uwanjani petu, hapa nilipozaliwa, waamue kama mimi Hortense niendelee kuishi katika nyumba ya baba au nifungashe vitu vyangu niende nisikokujua. Ndipo tulipofika. Wewe ndiye uliyeanguka na pikipiki, na mimi ndiye ninayefukuzwa. Na kila ninayemuuliza ananijibu kwamba neno lilitoka kinywani mwako.

Nilikuwepo hospitalini ulipolisema, nimekuja mbio kutoka matangani Kambove. Ulikuwa bado na mchanga usoni, mguu umefungwa na vipande vya mbao, ukamshika koti Pasteur Ruffin, mchungaji wa mama, ukasema: « Haikuwa miye. Mukono ya muntu njo ilishika pneu. » Mkono wa mtu umeshika gurudumu: ulisema hivyo ukiwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu husema mengi, kwa hilo nisingekulaumu. Lakini Pasteur alifumba macho, akasema anauona mkono huo, kwamba ni mkono wa mwanamke, mwanamke wa damu yako, ambaye kila siku anaishikashika pikipiki. Hakuhitaji kutaja jina. Ni nani mwingine Kikula nzima anayeishikashika? Watu wote waligeuka wakanitazama, na wewe ukanitazama. Nilingoja ufungue mdomo. Ukageukia ukuta.

Na mpaka leo umegeukia ukuta. Hukusema Hortense ni mchawi, hukusema Hortense si mchawi. Ulinyamaza, ukaacha kimya chako kifanye kazi, na kimefanya kazi vizuri sana.

Ngoja nikukumbushe mambo, kwa kuwa inaonekana ulipoanguka ulimwaga na kumbukumbu. Baba alipoinunua pikipiki ile kwa yule Mtaliano wa kiwandani aliyekuwa anarudi kwao, hapakuwa na mtu mtaani aliyewahi kuona kitu kama kile. Watu walizoea zile ndogo za teksi, nyembamba, zenye kelele. Hii ilikuwa ndefu, imelala chini, ina silinda mbili zilizopanuka kama magoti, usukani mpana, kiti cha kukalia kama uko sebuleni. Watoto waliipa jina Directeur, mkurugenzi, kwa sababu ina tumbo na haina haraka. Baba alipopita nayo polepole barabara ya sokoni, wanawake waliacha kupima unga wakamtazama. Ulikuwa ukikaa nyuma yake umenyoosha shingo. Hilo najua hukulisahau.

Lakini injini ilipofunguliwa, yaya, wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unaoga. Kila mara baba alipotandaza gunia kwenye sakafu ya saruji nyuma ya jiko, wewe ulikumbuka rafiki wa kwenda kumwona. Mimi ndiye niliyebaki na taa na kitambaa. Mimi ndiye baba aliyemfundisha kufanya vidange, kumwaga mafuta ya zamani ya injini yakiwa bado na joto ili yatoke na uchafu wake. Mimi ndiye niliyesafisha kabureta mpaka vidole vikachubuka, maana petroli ya kununua kando ya njia kwenye madumu ina maji na mchanga ndani, na pikipiki kubwa inachagua chakula kama mgonjwa. Alinifundisha kuzisikiliza silinda mbili zile moja baada ya nyingine, nijue ni ipi inavuta pumzi kuliko mwenzake, na kuzirekebisha mpaka zivute sawasawa. Kiangazi hiki chetu chenye vumbi jekundu, kichujio cha hewa nilikifungua kila juma, nikakipiga, nikakiosha, nikakianika pamoja na nguo za mama.

Baba alipofariki, ukoo ulikaa ukasema Directeur ni wa Casimir, kwa sababu Casimir ndiye mwanamume. Sikubishana. Nilikuwa nimerudi nyumbani ndoa yangu ikiwa imevunjika, bila mtoto, na mwanamke wa namna hiyo hajui aketi wapi katika kikao. Basi tuliishi hivyo: pikipiki yako, kazi yangu. Iliendelea kulala hapa nyuma ya jiko, na wewe ulikuja kuichukua siku za sherehe, imeng'aa, imejaa mafuta, unaondoka nayo unapungia watu mkono. Sijawahi kukuomba asante. Nilikuomba jambo moja tu, kwamba Directeur asitoke mlangoni kabla mimi sijamkagua. Magurudumu, taa, mafuta, halafu namsukuma mbele hatua chache nikifinya breki na kuiachia, nione inashika na nione inaachia. Ulikuwa ukinicheka mbele ya mafundi wa kona, ukiniita contrôle technique, kama ofisi ya kukagua magari. Nilicheka na mimi.

Sasa, siku uliyoanguka mimi nilikuwa Kambove kwenye matanga ya shangazi. Ulinipigia simu kwamba unaitaka pikipiki uende Buluo kuangalia kiwanja. Nilikujibu, na Dodo jirani yetu alikuwa kando yangu, yeye ni shahidi, nikasema: ningoje nirudi, imekaa siku nyingi bila kutembea, nisipoikagua usiipande. Ukasema sawa. Halafu ukaenda kwa mama ukachukua ufunguo. Kwa nini hukungoja? Nitakuambia kwa nini. Kwa sababu ulitaka mwenye kiwanja akuone unafika juu ya Directeur, si juu ya pikipiki ya teksi na koti lako limekunjamana. Ulitaka kunyoosha shingo.

Unajua mwenyewe kilichofuata. Njia nzima ilikuwa inaenda kwa uzito, kama inavutwa nyuma, umemwambia hivyo Dodo. Ukafika kwenye mteremko, ukafinya breki ya mbele kidogo tu, gurudumu likashikwa. Ukaachia, lenyewe halikuachia. Likajifunga kabisa, ukaruka juu ya usukani, na pikipiki ikakufuata na kukulalia mguuni. Mungu ashukuriwe kwamba ni mguu tu.

Nilipotoka hospitalini nikarudi nyumbani, nilikuta hukumu imekwisha kutolewa. Watu wa Pasteur walikuja wakamzunguka Directeur wakiomba kwa sauti, wakamfunga kitambaa chekundu kwenye usukani, wakasema nisimguse. Halafu wakachukua sanduku la spana. Yaya, sanduku la baba. Lile la bati, lenye herufi za jina lake alizozichonga kwa msumari. Walisema linakwenda kanisani kuombewa, na mpaka leo halijarudi. Nilimfuata mmoja wao hadi barabarani nikimvuta shati, mbele za watu, na nilimtukana matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Ndipo wakasema: mnaona, pepo limekasirika.

Unajua kwamba naishi kwa mandazi. Kila asubuhi naweka meza yangu mbele ya lango, na kabla jua halijapanda beseni limekwisha. Sasa wanawake wanavuka barabara kabla hawajanifikia. Mama Tina, ambaye watoto wake wamekua kwa mandazi yangu, aliniambia bila kunitazama: « Leo batoto habana na njala. » Kesho yake nilimwona ananunua kwa mwingine. Sikumlaumu sana yeye. Nani anakula kutoka mkono uliovunja mguu wa ndugu yake? Siku hizi nakaanga machache, narudi nayo ndani, tunakula mimi na mama.

Nilidhani tunakula mimi na mama. Juzi nilikuwa nazoa majivu jikoni, nikayakuta mandazi ndani yake, mazima, hayajaumwa hata kidogo. Yale niliyompa na chai. Mama yetu anapokea mandazi yangu, ananishukuru, anangoja nitoke, halafu anayafukia. Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Sikumwambia kitu, na hata wewe usimwambie, lakini nataka ujue kimya chako kimefika mpaka wapi.

Usidhani mimi sikujiuliza. Nilijiuliza mpaka kichwa kikauma. Raba na mafuta ya breki niliviweka vipya mvua zilipokwisha, kwa mikono yangu, na nilirudia kila hatua akilini: nilisahau nini, nilikaza nini kupita kiasi, nilipotosha nini. Kama kosa lingekuwa langu ningekuja Lubumbashi kupiga magoti kando ya kitanda chako, na ungenitemea mate ningenyamaza. Lakini breki iliyokosewa na fundi hukosa kushika. Hii ilishika bila kuachia. Jambo hilo lilinikataa kichwani.

Basi juma lililopita, mama alipokwenda kwenye maombi ya mchana, nilifungua kitambaa chekundu cha watu wa Pasteur, nikakikunja vizuri, nikakiweka kando. Juu ya usukani, karibu na mkono wa kulia, kuna kikopo kidogo chenye mfuniko. Ndani yake ndimo mafuta ya breki yanamokaa. Mfuniko unashikwa na skrubu mbili. Bisibisi zangu ziko kanisani zinaombewa, kwa hiyo niliingia jikoni kuchukua kisu. Niliporudi na kuinama nikaona kwamba vichwa vya skrubu vimechunwa. Kuna mtu alikuwa amekwisha kuzifungua kabla yangu, kwa kitu kisichofaa, kwa nguvu. Mimi sichuni skrubu, yaya. Baba angenifukuza.

Nilifungua. Mafuta ya breki hayana rangi ya pekee, ni kama chai hafifu. Haya yalikuwa na kitu kingine juu yake, kizito, cha manjano kinachoelekea kijani, kimeelea, na kilikuwa na harufu nzuri. Nilinusa mara mbili kwa sababu sikuamini. Ile raba laini inayokaa chini ya mfuniko ilikuwa imevimba na kujikunja, haikutaka kurudi mahali pake. Nikajua lazima nifungue na ndani. Nilimwita Dodo ukutani, akanipitishia koleo yake na kuondoka haraka, asionekane. Ndani nilitoa ile raba ndogo inayosukuma mafuta. Ilikuwa imenenepa kama haragwe lililolala ndani ya maji.

Nisikilize sasa vizuri, maana hii ndiyo habari yenyewe. Unapofinya breki, raba ile inasukuma mafuta kwenye mpira hadi kwenye gurudumu, na sahani inabanwa. Unapoachia, mafuta yanarudi kwenye kikopo kupitia tundu dogo, dogo kama ncha ya sindano. Mafuta ya breki ni dawa ya namna yake. Ukiyachanganya na mafuta ya chakula, raba zote zinavimba. Raba iliyovimba ilikaa juu ya tundu ikaliziba. Mafuta yalikwenda, hayakuweza kurudi. Ndiyo maana pikipiki ilikuwa nzito njia nzima, breki ilikuwa inabana kidogo kidogo, inapata moto, na ikipata moto inabana zaidi, mpaka pale mteremkoni ikafunga kabisa. Huo ndio mkono wako, Casimir. Nimeuweka kwenye kikombe hapa mbele yangu, ni mdogo kuliko kizibo cha soda. Hauna damu ya ukoo.

Nilipojua hivyo, hasira ilinipanda kwa namna nyingine. Nilitaka mtu. Nilifikiria wenye wivu wa mtaani, nikafikiria wale wanaogombea kiwanja cha Buluo, hata Providence nilimfikiria, anisamehe au asinisamehe. Nilijiambia kwamba Jumapili nitakaa mbele ya mjomba Tshimanga na kikombe changu, nitaieleza breki polepole kama ninavyokueleza wewe, halafu nitamtaja aliyefanya, na ukoo mzima utaniomba radhi nikiwa nimekaa. Nililipenda wazo hilo. Nililala nalo kama mtu anayelala na chakula tumboni.

Asubuhi nilikuwa nakata vitunguu. Kisu chetu kile cha mpini wa mbao, nilichokuwa nakishika kila siku bila kukitazama, ncha yake imepinda. Nilimwuliza mama ni nani aliyekipinda. Hakusita hata kidogo. Alisema kwamba ni yeye, siku zile nilipokuwa Kambove, kabla wewe hujaja kuchukua ufunguo. Kanisani Pasteur alikuwa amewagawia chupa za mafuta ya upako na kuwafundisha kwamba kila kitu cha watoto wao wakipake kichwani: mlango wa nyumba, mzani wa biashara, gari, chochote. Mama alifikiria kwanza pikipiki yako, kwa sababu tangu baba afe hajawahi kulala vizuri siku unayoipanda. Akaizunguka akitafuta kichwa chake. « Nikaona kale ka boîte ka mafuta, kako juu kushinda vyote, » alisema, « nikasema njo kichwa yake. » Akakifungua kile kikopo kwa kisu, akaona mafuta yamepungua kidogo, akafurahi kwamba Mungu amemwachia nafasi, akajaza. Aliomba jina lako mara nyingi, akafunga. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika kisu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu uanguke, akasema: « Kama haikukuwa ile mafuta, leo tungekuwa tumezika yaya yako. »

Niliweka kisu chini. Nilitoka nje nikakaa karibu na pikipiki. Yeye hajui. Mpaka sasa ninapoandika hajui. Anaamini kwamba amekuokoa, na ndicho kitu pekee kinachomfanya apate usingizi.

Ndugu yangu, mimi si mjinga, nilipiga hesabu ya Jumapili upya. Nikieleza breki, wataniuliza nani aliweka mafuta yale. Nikimtaja mama, watasema nini? Unawajua kama mimi. Pasteur hawezi kukubali kwamba mafuta aliyoyaombea yamevunja mguu wa mtu, kwa sababu kila nyumba ya waumini wake ina chupa ile. Atasema mafuta yalitoka kwake yakiwa safi, na kwamba yaliharibika katika mikono iliyoyamwaga. Na mikono hiyo ni ya nani? Ya mwanamke mzee, mjane, ambaye mume wake alikufa kwa ugonjwa wa siku chache, ambaye binti yake hana mtoto, ambaye mwana wake nusura afe. Wataunganisha yote hayo kwa dakika moja. Unamkumbuka mama Elikia wa barabara ya nyuma, yule waliyemwita mchawi? Alikuwa na watoto wanne waliosoma. Leo analala kwenye baraza la parokia na vijana wanamrushia mawe akienda kuchota maji. Mimi nikifukuzwa nina mikono, nitafungua injini za watu Kolwezi, nitakaanga mandazi Kambove. Mama akifukuzwa atakwenda wapi na kikohozi kile?

Kwa hiyo Jumapili sitasema. Hilo nimekwisha kuamua na sitaki unishukuru. Nitakaa hapo na kikombe changu kikiwa kabatini, wataniuliza kama nina neno, nitajibu sina, na watachukua jibu hilo kuwa ungamo. Nimekuambia wewe peke yako, kwa sababu katika ukoo mzima ni wewe peke yako unayeweza kuvunja kikao kile bila mtu mwingine kulipa. Wewe ndiye uliyeleta mkono. Wewe uutoe.

Hivi ndivyo nataka. Mpigie simu mjomba Tshimanga, umwambie afungulie sauti, wote walio karibu wasikie. Useme kwamba ulichukua pikipiki bila ruhusa yangu na bila kukaguliwa, hilo ni kweli tupu. Halafu useme kwamba ulikuwa unakwenda mbio, ukashika breki vibaya kwenye mteremko, ukaanguka kwa ujinga wako. Hilo si kweli, lakini ni uongo mdogo kuliko ule unaousema kwa kunyamaza. Useme hapakuwa na mkono wowote, kwamba ulikuwa na aibu. Watu watakucheka. Mafundi wa kona watakuita dereva wa kochi. Utachekwa kwa mwezi mmoja, Casimir, na mimi na mama tutalala katika nyumba ya baba. Najua unavyoogopa kuchekwa, ninakujua tangu ukiwa na kaptura. Safari hii utachekwa.

Na usinipigie kuniuliza kama nimewasamehe. Mama sijamsamehe, bado naona mandazi yale kwenye majivu kila ninapowasha moto. Wewe sijakusamehe hata kidogo, na sijui nitaanzia wapi. Lakini siwezi kukaa katika uwanja huu nikasikia mtu akimwita mama yangu mchawi. Nimesikia namna jina hilo linavyosikika likiitwa juu yangu, na mimi bado nina nguvu.

Ukimaliza kusoma, karatasi hii itie motoni, isimfikie Providence. Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Msalimie na Providence, atapokea akitaka. Daktari akikukataza kitu, mtii.

Mama yuko hapa mlangoni, anasubiri nimalize ili barua imwahi Fidèle. Hajui nilichoandika, anadhani nakuuliza hali tu. Amekufungia chupa nyingine ya mafuta ndani ya kitambaa, anasema upakwe mguuni asubuhi na jioni, na kwamba kila siku anakuombea kabla hajajiombea mwenyewe. Ameniuliza kama nadhani utapiga simu kabla ya Jumapili. Nimemwambia ndiyo, namjua kaka yangu, atapiga.

Mdogo wako,
Hortense